Viza ya Kumtembelea Mume

Treni ya kutoka Tabora ilikuwa imeshapita Katumba, na Séverine alikuwa bado anaelezwa kwamba ameachika. Aliyekuwa anamweleza ni Nyamizi, mama wa Kisukuma aliyepanda Kaliua na dumu la samli, na tangu hapo hakunyamaza.

"Mwanamke anafika kwa mume wake, anampikia, anamfulia, halafu anarudi Mpanda? Huyo amekufukuza, mdogo wangu. Sema tu."

"Hajanifukuza, dada. Viza yenyewe ilikuwa ya kumtembelea tu. Ile ya kuhamia bado tunaisubiri. Ningepitiliza muda, tungeharibu yote."

"Kwa hiyo umemwacha ili umpate."

"Ndiyo."

"Makubwa ya Ulaya hayo," alisema Nyamizi. Séverine alishamwambia mara mbili kwamba ni Marekani. Safari hii akaacha.

Maelezo hayo alikuwa ameyaandaa kwa ajili ya mama mkwe wake, anayemsubiri nyumbani kwake, mtaa wa Nsemulwa pale Mpanda. Kwa Nyamizi alikuwa anayajaribu tu, na aliona yanakwenda vizuri.

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Nyamizi akavuta dumu lake karibu, akauliza, sasa kwa upole, "Na siku ya kuondoka, mwenzio alisemaje? Alikwambia ubaki?"

"Angesemaje? Tulikuwa tumeshakubaliana."

"Najua mlikubaliana. Nauliza, alisema? Hata kwa kuteleza ulimi?"

Akilini Séverine alimwona tena mumewe, Claude, pale uwanja wa ndege, akilinyanyua begi kwa mkono mmoja, akisema halijazidi kilo zinazoruhusiwa.

Treni ikasimama. Watu wakainuka. Séverine naye akaanza kulitafuta begi lake, kumbe lilikuwa mapajani mwake.