Skolastika, Mzaliwa wa Hofu

Padre, ndugu, jamaa, majirani, na wewe mwenyekiti wetu wa kijiji, Nikodemu, uliyekaa kiti cha mbele, anayewasomea ni Pastory, mpwa wa marehemu, aliyepewa kazi hii na familia kwa kuwa ana sauti kubwa na hana haya, maana historia hii inataka vyote viwili. Kaburi liko wazi nyuma yenu, mmeliona, lakini hadi jana jioni halikuwapo, na kwa nini halikuwapo mtasikia, msiwe na haraka ya kwenda kula.

Marehemu mama yetu Skolastika, binti Jeremia, alizaliwa tarehe 3 Mei 1944 hapahapa Hofu, nje kidogo ya Kidahwe, katika nyumba za vibarua zilizokuwa zimepangwa mstari mmoja chini ya jumba hili la Mjerumani. Tunasema Hofu, na hatutauma ulimi tuseme Juhudi, jina tulilopachikwa baadaye. Mjerumani alifika hapa mwaka 1910 na tamaa aliyotoka nayo kwao, kwani alimsimulia babu yake Skolastika, aliyekuwa mpishi wake, kwamba huko kwao kulikuwa na kijiji cha wakulima na jumba moja kubwa juu yao, na wakulima wale zamani walikuwa mali ya jumba, baba hadi mjukuu, wakiamshwa kwa kengele, wakilima kwa kengele, na kuoa mpaka waombe ruhusa. Babu alisikiliza huku akimenya viazi, akajisemea kumbe hata Ulaya watu hupigiwa kengele kama mbuzi. Basi bwana yule akajijengea kijiji kama cha kwao juu ya migongo yetu Waha, mawe yakabebwa kwa vichwa, kahawa na michikichi ikapandwa, kengele ikatundikwa, na juu ya lango la chuma likaandikwa jina la ukoo wake likiishia na neno la Kijerumani, Hof, yaani jumba pamoja na shamba lake. Vita vilimkimbiza mwaka 1916, hakuaga mtu, kutu ikala jina lake lote zikabaki herufi tatu za mwisho, na wazee waliojua kusoma, kwa kuwa neno letu haliishii na f peke yake, wakalimalizia wenyewe, wakasema Hofu. Jina likashika, na kwa viboko vilivyochapwa pale langoni, lilistahili.

Marehemu alianza shule ya misheni mwaka 1952, akafika darasa la nne mwaka 1955, akatolewa, siyo kwa uzito wa kichwa, bali kwa sababu Mgiriki aliyelirithi shamba alitaka vidole vya watoto kuchuma kahawa, na aliyebisha alifukuzwa na wazazi wake wote. Alichuma kahawa hadi alipoolewa, kisha akajifunza kukamua mawese, na mawese yake yaliulizwa kwa jina hadi soko la Ujiji, mtasema jina lipi, mawese ya Hofu. Tarehe 14 Septemba 1963 alifunga ndoa takatifu na marehemu Januari, mpagazi wa bandari ya Kigoma, mtu mpole aliyefariki mwaka 1989, na Mungu aliwajalia Joanitha mwaka 1965, Nickson mwaka 1970, na Noel, kitindamimba aliyekuja mama ameshakata tamaa, mwaka 1984.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu waliletwa hapa kwa malori kutoka milimani wakaambiwa wajenge kuzunguka jumba, na miongoni mwao alikuwa kijana mmoja na mke wake Regina, hawana hata sufuria. Skolastika aliwapa chumba msimu mzima wa mvua, akawapikia, akawaonyesha mpaka wa kila shamba, na kijana yule, mwenyekiti, ni wewe. Viongozi walisema kijiji cha ujamaa hakiwezi kuitwa Hofu, kikapewa jina Juhudi, watu wakapiga makofi, na marehemu naye akapiga, lakini tangu siku ile hadi anakufa hakuna aliyemsikia akilitamka.

Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi, wenzetu wa Burundi wakimiminika na watoto mgongoni, na mwaka 1997 ukatoka msako wa kuwarudisha kambini wote waliokuwa wamejichanganya vijijini. Tarehe 18 Novemba 1997 marehemu na Noel walikuwa mnadani Kidahwe wakiuza mawese, askari mgambo mmoja, mgeni kutoka mkoa wa mbali, akawajia, mama akamwamkia kwa Kiha chake, Mwakeye, na mgeni yule, ambaye Kiha na Kirundi kwake ni kelele moja, akasikia Kirundi. Akamuuliza, mama, umetoka wapi, naye akajibu kama alivyojibu maisha yake yote, nimetoka Hofu. Lo! Mgambo akacheka hadi akashika kiuno, akawaambia wenzake, huyu hana haja ya kuulizwa, anakiri mwenyewe kwamba hofu ndiyo iliyomleta. Mama akapandwa na hasira, akasema nimezaliwa Hofu, baba yangu kazikwa Hofu, na kila alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kuwa mkimbizi.

Alikuwapo mtu mmoja pale aliyemjua, aliyelala chini ya paa lake, na mgambo alimwita amuulize. Mtu huyo alitazama mtungi wa mawese, akamtazama mama, akasema, afande, hapa kwetu hatuna kijiji kinachoitwa Hofu. Hakusema uongo, la, alichagua tu ukweli mdogo kuliko kweli zote, kisha akaenda zake, na mama na Noel wakapakiwa kwenye lori la kambini. Usiiname, Nikodemu, hujafiwa wewe. Joanitha alipokuja kutoka Gungu, Kigoma mjini, kumtafuta mama yake, ni wewe uliyemwambia amekwenda Tabora kwa Nickson, na wakati binti anaamini, chikichi za mama zilikuwa zinakamuliwa uani kwako.

Kambini marehemu aliulizwa mara nyingi kijiji chake, na kila mara alisema Hofu, na kila mara hawakukiona. Baadaye, ameshatoka kambini, katekista wetu Gervasi alipomuuliza kwa nini hakusema Juhudi wakamwachia, alijibu, Juhudi sikuzaliwa mimi, nikubali kufutwa na hao waliobadili jina nao? Ukaidi huo ulimgharimu, tuseme kweli, kwani mwezi Februari 1998 kipindupindu kilimchukua Noel, miaka kumi na mitatu, akazikwa kambini, amevikwa kitenge cha Mrundi mmoja aitwaye Melania, ambaye hakuwa na kingine, na wanawake wa Burundi wakamlilia mtoto wa Kiha kama wao. Hatukupata majirani wa namna hiyo hapa. Pasaka ya mwaka huo Gervasi aliyekuwa amefuatana na padre kambini alimtambua akiwa kwenye mstari wa komunyo, akamtolea ushahidi, mama akaachiwa, akarudi nyumbani, akakuta wanamwita Mama Mkimbizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 2003 miguu ilianza kumvimba, ikaonekana ni moyo, akalazwa hospitali ya mkoa, na alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2004 akaiaga dunia, akiwa ametuachia neno moja tu, mnizike Hofu, nyuma ya jumba, kwa baba yangu. Mchana huohuo mwenyekiti akatuma watu kutuambia kwamba eneo lile ni la kijiji, wageni wana makaburi yao kule barabarani. Wageni! Vijana wakaogopa kuchimba, na jana kutwa maiti ilikaa ndani bila kaburi.

Leo asubuhi, mbele ya macho yetu sote, Regina, mke wa mwenyekiti, alikuja peke yake na jembe begani, akasimama kando ya kaburi la mzee Jeremia, akasema, mawese ya marehemu huyu nimeyala msimu mzima nikijua yametoka wapi, sitaki kuyala tena kwa kunyamaza, akaanza kuchimba. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, hata mtoto analijua hilo, na wanaume waliokuwa wamejificha nyuma ya ukuta wa Mjerumani wakashindwa kuvumilia aibu ile, wakamnyang'anya jembe, wakachimba hadi chini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyabiashara wa soko la Ujiji, katekista Gervasi, Melania ambaye kambi haikumruhusu kutoka, na Regina. Mwenyekiti, wewe hatukushukuru, ila tunakuomba utangulie kutupa udongo, ili kijiji kizima kikuone unamzika kwao. Pumzika kwa amani, mama, na atakayetaka kukuhamisha atatukuta hapa.