Shokapu Nne za Holger Rydqvist

Ndugu waombolezaji mliofika kumsindikiza Holger Rydqvist, anayewasomea ni mdogo wake, Alvar, naye ameomba ajitaje kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu yapo mambo humu ambayo akisema "mimi" sauti itamkatika.

Holger alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, hapa Ekenässjön, mtoto wa kwanza wa Mzee Ernfrid na Mama Svea, akasoma shule ya hapahapa kuanzia 1958 hadi 1967, mwaka huohuo akaajiriwa kiwanda cha mbao kama fundi wa mashine, na alipostaafu mwaka 2016 alikuwa bado na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo wenzake wa kiwandani wanajua si dogo. Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Maj-Lis, wakajaliwa watoto wawili, Gunilla, 1976, na Jerker, 1979.

Kuanzia 1985 alishiriki mbio za magari za ridhaa, akiendesha Volvo kuukuu aliyoifufua mwenyewe, na Jumapili tarehe 23 Agosti 1992 alishinda fainali, mkaguzi wa magari siku hiyo akiwa Alvar. Sheria ilikataza shokapu, vile vipunguza mtikiso vya magurudumu, zinazoweza kurekebishwa ugumu, na za Holger, alizozitoa kwenye gari bovu, zilikuwa na skrubu ya kurekebishia, ila alikwisha kuifunga kwa pini ndani isizunguke tena. Alisema, "Mdogo wangu, chukua bisibisi uzungushe, ikisogea hata kidogo ninyang'anye kombe." Alvar akajibu, "Skrubu naiona, kaka, ya nini kuzungusha?" Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa shati la Alvar. Watu walikuwa wamewazunguka, naye aliogopa kuambiwa anambeba kaka yake, basi akahukumu kwa macho tu, akamfutia ushindi na kumfungia misimu miwili.

Holger hakukata rufaa wala hakushindana tena, watu wakambandika jina la Skrubu, mpaka kwenye foleni ya dukani, na Alvar alilisikia bila kuwakanya. Kila Krismasi Holger alimkaribisha mezani na kumpakulia kwa mkono wake, lakini gereji hakumfungulia hata mara moja.

Aliugua mapafu tangu Novemba 2018, akafariki Jumanne tarehe 14 Januari 2020, saa nne asubuhi, Maj-Lis akiwa amemshika mkono.

Wiki iliyopita Maj-Lis alimkabidhi Alvar ufunguo wa gereji, na juu ya rafu Alvar akazikuta zile shokapu nne, zimefungwa kwenye gazeti la Agosti ileile. Alizungusha skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kwa nguvu zake zote, na hakuna iliyosogea. Kazi yote ilichukua dakika tano. Alvar anaona aibu, na anaisema mbele ya jeneza kwa kuwa hukumu pia aliitoa mbele ya watu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozoa theluji mlangoni, wafanyakazi wa kiwanda, na wanachama wa klabu ya mbio. Mtakapoingia kunywa kahawa, shokapu ziko mezani karibu na makoti, na bisibisi iko pembeni, kila mmoja azungushe mwenyewe.

Lala salama, kaka Holger, gari lako lilikuwa halali.