Namna ya Kumwamsha Baba Yenu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba zima hiyo simu, maana sauti yangu leo ni ya kukopa na mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote.

Nyumba mnaijua, vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo. Gawaneni bila kutoana macho. Urithi wenyewe ni huyu aliyekaa pale kitini akijifanya hasikii. Nimewasikia jikoni mkinong'ona kwamba mama akiondoka, baba anunuliwe kitanda kama cha hospitali, alishwe, aogeshwe, apumzike. Nawashukuru kwa huruma yenu, ila naikataa katakata. Mkimlaza, hatanyanyuka tena.

Sikilizeni. Baba yenu alibeba magunia ya watu tangu hajaota ndevu mpaka mgongo ukapinda, kwa sababu siku asipobeba hatukula. Mimi nilifua nguo za watu kwa maji baridi mpaka vidole vikagoma kukunjika. Uzee ulipobisha hodi, ulikuta viungo vimeshachakaa. Basi tukaunganisha vilivyobaki: yeye ananifunga vifungo, mimi naweka bega chini ya kwapa lake, tunasimama pamoja, na kila asubuhi tunacheka kama wehu. Haki ya Mungu, nimekula raha na mtu huyu!

Kwa hiyo shikeni namna yake. Msimvute mikono, ataumia. Wekeni bega, kisha mchokozeni. Mimi humwambia, "Kuli, lori limefika, wenzako wanabeba!" Naye hujibu, "Waambie wangoje, mke wangu ananinyima chai." Akishacheka, magoti yanamtii. Shati ajifunge mwenyewe, hata kama asubuhi nzima itakwisha. Sokoni aende na mkongojo wake, akabishane bei na muuza nyanya, arudi amechoka na furaha yake.

Kitinda mimba, hebu jaribu nikuone. Bega, mwanangu, si mkono! Sasa mwite. Kwa sauti, wewe, unamwita kuli, huposi mchumba!

Haya, amecheka. Mwachie. Mwachie, nimesema, aje mwenyewe... Mnaona? Karibu, mzee wangu. Nifunge kifungo hiki cha shingoni, baridi imeniingia. Ahsante.

Nendeni na radhi zangu zote, wanangu, na kicheko kisihame nyumba hii. Kesho atagoma kuamka, namjua. Lieni, lakini msimwache kitandani. Wekeni bega... mwambieni... lori limefika.