Clifford Ollerenshaw na Kadi Yake Nyekundu, 1951–2023

Marehemu Clifford Ollerenshaw alizaliwa Oldham tarehe 4 Machi 1951, mtoto pekee wa fundi wa kiwanda cha pamba. Alisoma hapo hapo mjini, kisha chuo cha ufundi cha Bolton, akaajiriwa kama fundi wa simu mwaka 1972. Mwaka 1976 alifunga ndoa na Winifred Clegg katika kanisa la Methodisti, wakajaliwa binti mmoja, Judith, ndiye anayewasomea haya.

Mwaka 1984 marehemu alitunga mchezo wa kompyuta, Bustani ya Fuko, ukauzwa kwenye kaseti. Siku hizo watu walinakili kaseti za michezo kama walivyonakili nyimbo, na hilo lilimkera mno. Akabuni kadi ya kuuzwa pamoja na kaseti: maneno meusi juu ya karatasi nyekundu iliyokolea, ili mashine ya fotokopi itoe weusi mtupu. Mchezo ulidai neno kutoka kwenye kadi. Ukikosea mara tatu, unajizima. Wanunuzi walilalamika kwamba hawaoni kitu. Aliwajibu wote kwa mkono wake: "Isogeze dirishani." Ubishi alikuwa nao, tusifichane.

Mwaka 1985 nesi mmoja wa Rochdale, Bi Maureen Tattersall, aliliondoa kufuli hilo la neno, mchezo ukafunguka bila kadi, akagawa nakala bure. Akamtumia marehemu pia nakala moja. Marehemu hakuifungua, alimjibu kupitia wakili, akitishia kumshtaki. Mwaka uliofuata aliuza haki zote za mchezo, nazo zikahama kampuni hadi kampuni.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitaka jambo moja tu, kuucheza mchezo wake tena kabla hajaondoka. Kaseti ilikuwepo, lakini kadi ilikuwa imefifia. Hata dirishani binti yake hakuambulia neno. Nakala za Bi Maureen zilikuwa zimejaa mtandaoni.

"Baba, si mchezo wako mwenyewe?"

"Niliuuza. Cha mtu ni cha mtu."

Akaandikia kampuni nne kuomba ruhusa. Hakuna iliyojibu. Judith alikasirika, na alimwambia hivyo.

Tarehe 9 Juni Judith alimleta Bi Maureen, akiwa na kompyuta yake, katika wodi alikolazwa marehemu.

"Enhe, mzee, bado unanipeleka mahakamani?"

"Nikipona."

"Basi cheza kwanza, kesi itatungoja."

"Haya, washa."

Kabla ya mchezo kuanza yalitokea maandishi aliyoyaweka Bi Maureen mwaka 1985, Judith akamsomea: "Kufuli nimeliondoa mimi. Bwana Ollerenshaw, ukifika hapa, ujue sijapata kucheza mchezo mzuri kama huu. Ahsante."

Marehemu alilia. Kisha akafoka, "Sasa kwa nini hukuniandikia barua?"

"Niliandika hapo. Wewe ndiye hukufungua."

Alicheza hadi chai ya saa kumi, pua ikigusa kioo.

Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Juni 2023. Ameacha mjane, Winifred; binti, Judith; na mjukuu, Harriet. Ruhusa ya kampuni haijafika hadi leo. Kadi yake tumeiweka mfukoni mwa koti tulilomvika. Apumzike kwa amani, na huko aendako afunguliwe mlango bila kuulizwa neno.