Marsiana Anakwenda Kuona Shamba

Herieth alijifanya anatazama simu, lakini masikio yote alikuwa ameyapeleka kiti cha mbele. Humo ndani ya Noah ya abiria iendayo Matai, Marsiana, mama asiyeona, alikuwa amemwambia jirani yake wa kiti kwamba anakwenda kuona shamba la marehemu baba yake likigawanywa.

"Sasa mama, utaona nini?" mzee Dominiko aliuliza, kwa upole wa mtu aliyezoea kushauri bila kuombwa. "Si wangekuletea tu habari nyumbani?"

"Ndivyo kaka zangu walivyosema. Mzee wangu, leo unaona baridi?"

"Nani asiyeiona."

"Umeiona kwa macho?"

Mzee akakohoa. Herieth naye akakohoa, maana kicheko kilikuwa kimefika mdomoni.

"Wao macho wanayo, ila haya hawaoni," Marsiana aliendelea. "Wamekaa Kipili, kule ziwani, na samaki wao miaka yote. Mimi ndiye niliyefukia nyasi na kuinua ntumba, matuta yetu ya mviringo, mpaka mpakani. Kila tuta nalijua kwa unyayo."

"Lakini mpaka huonyeshwa, mama. Wakikuonyesha kusiko?"

Gari likasimama kando ya shamba. Marsiana akavua viatu, akavitia kwenye kikapu. Dominiko alishuka kumpa mkono, huku akimwambia kwamba wanaume wawili wenye kamba ya kupimia wamesimama shambani, na kwamba bado hajakubaliana naye.

"Usikubali, baba," alijibu, akikanyaga udongo. "Nielekeze tu walikosimama wale wanaume wawili wenye kamba. Shamba nitaliona mwenyewe."