Nyumba ya Plaiwudi Tuliyoipaka Mafuta

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu, na ninyi wa kule nyuma karibu na feni pia! Mchungaji amenipa nafasi fupi, na mama yangu, ambaye nyote mnamjua, ameketi safu ya pili ananitazama aone kama nitatia chumvi. Basi nitasema yaliyotokea. Yasiyotokea sitayaongeza.

Mimi ni Musa, kifungua mimba wa Mama Musa. Nilizaliwa hapahapa Changamwe, nikasoma hapa mpaka kidato cha nne, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Nilikwenda Dar es Salaam, nikaenda Dubai, na sasa ni zaidi ya miaka kumi niko Guangzhou, kule China. Kazi yangu ni kuwanunulia nguo wenye maduka wa Mombasa. Alfajiri niko Shahe kwenye nguo za bei ya chini, mchana niko Kangle kwa mafundi wa cherehani, jioni nafunga marobota. Kuna watu humu ndani wamevaa mizigo niliyoibeba kwa bega hili. Sitawataja.

Ndugu zangu, najua ushuhuda mtamu huanzia mtaroni. Mimi sikuwahi kulala mtaroni. Sikuwa mlevi, sikupagawa na pepo. Taabu yangu ukiitazama ni ndogo: sikuwa na kwangu. Nimevuka miaka arobaini nikiwa mpangaji. Nikiwa Guangzhou naikumbuka baraza ya mama, jiko la makaa, na sauti ya treni ya mizigo ikipita nyuma ya nyumba. Nikija likizo hapa, wiki ya pili haijaisha naanza kutamani supu ya tambi ya asubuhi na kelele za cherehani za Kangle. Kila nilipokuwa nilipakumbuka pengine. Nikajiambia ugonjwa huu dawa yake ni nyumba.

Na nilikuwa katika mji mbaya kwa ugonjwa huo. Guangzhou watu huulizana habari za nyumba kama sisi tunavyoulizana hali. Umenunua? Ghorofa ya ngapi? Benki gani? Mkopo wa miaka mingapi? Nilikuwa nikisikiliza kwenye lifti, kwenye foleni ya tambi, kwa kinyozi. Hata sisi wageni tulianza. Tunakutana Jumapili kuomba, watu wachache tu wa Afrika Mashariki sebuleni kwa mtu, na baada ya amina mazungumzo ni nyumba.

Ndipo dalali mmoja akanipata. Maghorofa mapya yalikuwa yanajengwa nje kidogo ya jiji, mwisho wa reli ya chini ya ardhi. Akasema mgeni mwenye karatasi kama zangu anaweza kukopeshwa na benki ya kule, mradi atoe kwanza fungu kubwa mkononi. Fungu hilo sikuwa nalo. Lakini mama alikuwa na nyumba.

Hapa ndipo penyewe, ndugu zangu. Nyumba ile ya bati jekundu mnaijua. Marehemu baba aliijenga chumba kimoja kimoja kwa mshahara wa bandarini. Mpango wangu ulikuwa mama apeleke hati ya nyumba benki hapa Mombasa, iwekwe rehani, nami nichukue mkopo nilipe lile fungu la China. Mkopo wa huku ubebe mkopo wa kule. Nilimpigia mama nikamweleza. Akasema, "Wewe ndiye mkubwa, mwanangu. Ukiona ni sawa, ni sawa." Dada yangu Rehema akasema, "Kaka, mama amekubali kwa sababu ni wewe, wala hajaelewa." Nikamwambia Rehema asiniletee kutoamini.

Maana mimi nilikuwa na imani! Tuliomba, tukafunga. Ndugu Petro, mtu wa Nakuru anayetuongoza kwenye maombi, akasema haitoshi kuomba kwa mbali, twende tukaimiliki nyumba kwa miguu yetu. Tukaenda watu sita na chupa ya mafuta ya kupikia tuliyoiombea. Ofisi yao ya mauzo ilikuwa inang'aa kama hoteli. Binti wa mauzo akatupeleka ndani, akatufungulia mlango, na ndani mlikuwa na nyumba kamili: sebule, vyumba viwili, jiko, kitanda kimetandikwa, matunda mezani. Tukaizunguka mara saba. Ndugu Petro akapaka mafuta miimo ya milango yote. Akakemea kila roho ya kukataliwa. Binti wa mauzo alidhani ni furaha ya wateja, akawa anapiga makofi pamoja nasi. Mimi nilipiga magoti kando ya kile kitanda nikalia. Nikasema, Bwana, hatimaye nimefika.

Mpango ukawa hivi: Jumamosi asubuhi mama na Rehema watakwenda benki hapa kutia sahihi, na Jumatatu mimi nitie yangu kule.

Sasa Jumamosi hiyo. Mwenye nyumba niliyopanga ni mzee wa palepale, ukoo wa Liang. Sisi humwita Laoban Liang. Laoban ni bosi, ndivyo tunavyowaita wenye mali wote kule. Kijiji chao kilimezwa na jiji zamani, mashamba yakawa maghorofa ya kupangisha, na yeye siku nzima yuko mlangoni kwa kandambili, funguo kiunoni, anaongea na apitaye. Huongea nyumba, benki na michezo, basi. Kwa mpira hunichokoza ngazini: "Musa, ninyi mnakimbia kuliko dunia yote, mbona mpira hamchezi?" Nami humjibu, "Na ninyi, Laoban?" Husema, "Sisi hatukimbii wala hatuchezi. Tunatazama."

Lakini mchezo mmoja wanaucheza kwelikweli. Kila kijiji cha kule kina mashua yake ndefu yenye kichwa cha joka, ya kushindana kwa makasia. Mwaka mzima wanaizika kwenye matope ya mfereji ili mbao zisikauke zikapasuka. Msimu ukifika wanaume wote wanaingia majini, wanaitoa kwa mikono, wanaiosha, ngoma inapigwa, kisha kijiji kizima kinakula pamoja kwenye meza ndefu barabarani, kando ya mfereji. Jumamosi hiyo ilikuwa siku yao. Njia ilifungwa, mkokoteni wangu wa marobota ukashindwa kupita, na Laoban Liang akaniona nimesimama.

"Njoo ule," akasema. "Marobota hayana njaa."

Nikakaa. Nikamwambia, kwa kuwa ni vizuri mtu ajue mapema, kwamba mwakani nitahama chumba chake.

"Umepata mke?"

"Nimepata nyumba."

Akaniwekea kipande cha bata kwenye bakuli. Akauliza ni wapi. Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jina la jirani.

"Umeiona?"

"Nimeiona, nimeingia. Tumeiombea na kuipaka mafuta."

"Umeingia ghorofa ya ngapi?"

"Yangu ni ya ishirini na tatu, lakini tuliingia chini, pale ofisini."

Laoban Liang aliweka vijiti chini. "Ile ni ya maonyesho, Musa. Ni plaiwudi. Wakimaliza kuuza wanaivunja, wanaweka duka la chai. Kitanda ulikilalia?"

"Nilipiga magoti tu."

"Ungekilalia, miguu ingetokeza nje. Wanakichonga kifupi ili chumba kionekane kikubwa." Halafu akacheka, ndugu zangu, akacheka mpaka akawageukia wenzake mezani akawasimulia. "Wameenda kubariki plaiwudi!" Meza nzima ikaniinulia vikombe vya chai. Mzee mmoja akauliza kama yale mafuta yanazuia mchwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelia pale, tena machozi ya kweli.

Laoban akaona. Akaacha mzaha, ila hakunihubiria. Aliendelea kuongea kama anavyoongea siku zote, anatazama maji. "Mwanangu amenunua upande huohuo," akasema. "Wakati ule watu walipanga foleni, nami nilimsukuma anunue. Sasa bei imeshuka. Deni halishuki, lenyewe linakaa palepale." Akanyoosha mkono kwenye mashua. "Unamwona anayepiga ngoma?"

Nilimwona. Mwanamume mnene, anachelewa kila pigo, wapiga makasia wanamfokea.

"Yule ni shemeji yangu. Hasikii vizuri sikio moja. Mpiga ngoma wetu ni mwanangu, tangu ana miaka kumi na sita. Leo yuko kazini. Na Jumamosi ijayo yuko kazini. Ana nyumba nzuri, madirisha makubwa, unaona mto mpaka mbali. Mto anauona dirishani."

Mashua ikapita tena, imepinda. Mtu mmoja akapiga kelele, "Shemeji, tuchagulie, ngoma au kulala!" Watu wakaangua kicheko. Laoban hakucheka. Akaniuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Na hilo fungu la kwanza unalitoa wapi?"

"Nyumba ya mama inawekwa rehani."

"Ina ubaya gani nyumba ya mama?"

"Haina ubaya."

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Basi kwa nini unaitwisha nyumba nyingine kichwani?"

Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia ngoma inayochelewa, na mzee wa kandambili anayechokonoa meno. Lakini nilimwona mama yangu benki, na kitambulisho chake kwenye kile kipochi cheusi. Nikatazama simu. Kule ilikuwa saa nane na robo mchana. Hapa Mombasa ni saa tatu na robo asubuhi. Benki imefungua!

Nilimpigia Rehema. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikasimama barabarani katikati ya meza za watu nikisema kwa Kiswahili, "Bwana, zuia! Bwana, zuia!" Mara ya tatu Rehema akapokea, ananong'ona.

"Kaka, unasumbua. Tuko mbele ya ofisa."

"Mama ametia sahihi?"

"Bado."

"Kwa nini bado?"

"Anaomba."

Kanisa, mnamjua mama yangu akiomba! Ofisa amemwekea karatasi, amempa kalamu, naye mama akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu, tumtangulize Mungu." Akafumba macho. Akaanza na wajukuu. Akaja kwa wajane. Akaenda hospitali, magerezani, kwa wasafiri wa baharini na angani. Rehema akaniambia ofisa amefumba macho dakika za kwanza, akafumbua, akatazama saa, akaenda kujitilia chai, akarudi, na mama ndio kwanza alikuwa amefika kwa viongozi wa nchi.

"Akisema amina," nikamwambia, "mwambie asitie. Mwambie mwanawe amesema mrudi nyumbani na hati."

Rehema akasema, bila kunong'ona tena, "Asante, Yesu." Nikamsikia mama kwa mbali akiitikia, "Amina," akidhani ni sala yake inaitikiwa. Na ndivyo ilivyokuwa!

Niliporudi mezani Laoban Liang alikuwa ameshakula bata wangu. Akauliza, "Umeghairi?" Nikasema nimeghairi. Akasema, "Basi kodi ya chumba ni ileile," akaenda kumfokea shemeji yake.

Ndugu zangu, ushuhuda huu ungekuwa mtamu zaidi kama lile ghorofa lingeporomoka. Halikuporomoka. Limeisha, watu wanaishi humo, wanaanika nguo. Zile pesa kidogo nilizomtangulizia dalali za kushikia nafasi hazikurudi, nami sizifuatilii. Lakini mwaka uliofuata wenye maduka hapa walipunguza oda, nikakaa miezi bila mzigo, nikila wali na yai. Mwezi mmoja tu wa kushindwa kulipa, na wa pili, na leo mama yangu angekuwa anaisoma nyumba ya baba kwenye matangazo ya mnada. Hilo ndilo Bwana alilozuia. Alilizuia kwa kinywa cha mtu asiyemjua, na kwa sala ambayo sisi watoto wake tumeilalamikia tangu utotoni kwamba ni ndefu, chakula kinapoa.

Msidhani nimeponywa kila kitu. Jumanne narudi Guangzhou. Miguu bado inawasha. Jana nimekaa barazani, treni ya mizigo ikapita, nami nikawa nafikiria tambi! Nimeacha kuuliza kwangu ni wapi, hilo nalishukuru. Nina chumba kwa Laoban Liang na nina mkeka kwa mama, na usiku nalala.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Rehema, ambaye nilimwambia hana imani, na ndiye aliyekuwa nayo. Nawashukuru ninyi mliomtembelea mama miaka yote niliyokuwa mbali. Ile nyumba ya bati jekundu iko palepale, karibuni chai baada ya ibada. Milango yake haijawahi kupakwa mafuta.

Na kama kuna mtu humu ana karatasi anayokwenda kutia sahihi kesho, na moyo wake hautulii, asione haya. Asogee hapa mbele amkabidhi Bwana jambo lake. Mama atasimama amwombee. Ataanza na wajukuu. Ndugu yangu, usimkatize.