Maisha ya Bi Faili, Mwalimu wa Kipindi cha Jumatano

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Faili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba yetu. Mimi ni kitindamimba wa nyumba hiyo, fundi bomba, na nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu wapwa zangu wamekiri kwamba wao hawatafika aya ya pili.

Marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1968. Alikuwa akimaliza kazi mapema mno, na mwalimu wake akawa anamwamuru akunje mikono na kulaza kichwa juu ya dawati mpaka wenzake wamalize. Mwisho wa mwaka ripoti ikaja nyumbani imeandikwa kwamba mtoto ni mzuri ila anapenda usingizi. Baba alicheka hadi akakohoa. Dada hakucheka, na hata uzeeni ukimkumbusha habari hiyo alikuwa anakunja uso.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1983 na kuanza kazi tarehe 9 Januari 1984 katika shule ya msingi aliyoitumikia hadi alipostaafu. Huko ndiko alikoanza mafaili yake. Kila mtoto aliyewatangulia wenzake alimfungulia faili lake peke yake: nini tayari anakijua, nini kinafuata, nani atamfundisha, na lini watakaa kutazama wamefika wapi. Walimu wenzake walimwambia hao wanajua tayari, awaache wajiendee. Aliwajibu kwamba mwenye mbio naye huhitaji njia.

Lakini faili la kwanza alilikosea, na alitaka jambo hilo lisemwe hata siku kama ya leo. Lilikuwa la binti wa dobi, mwaka 1991, mtoto wa miaka tisa asiyeongea, aliyemaliza hesabu za mwaka mzima kwa wiki tano. Wenzake walipopewa maswali ishirini, dada alimpa yeye arobaini. Wiki ya tatu mtoto akaanza kukosa. Mwalimu mkuu wa wakati huo akasema ilikuwa nguvu ya soda tu. Dada alilibeba daftari hadi nyumbani, akalikagua mstari kwa mstari, kisha akaniita nitazame. Majibu yote arobaini yalikuwa yamezidi kwa moja. Si thelathini na tisa, yote. Ndugu zangu, nywele zilinisimama. Ili ukosee namna ile mara arobaini, lazima uwe unalijua kila jibu.

Kesho yake alimuuliza mtoto kwa upole, na mtoto akasema, "Nikipata zote, unaniongezea."

Siku hiyo dada hakula. Alisema alikuwa amemwadhibu mtoto kwa kujua. Akaenda kuwaomba radhi mtoto na mama yake, pale pale kwenye kamba za kuanikia nguo, kisha akaliandika faili upya. Mtoto asirudie anachokijua. Badala yake, kila Jumatano saa nne, wakae wawili kwenye stoo ya chaki na kufuata swali analolitaka mtoto mwenyewe. Binti akauliza watu wamejuaje kwamba namba tasa haziishi. Dada hakujua. Penye nafasi ya jina la mwalimu akaandika: "Bado hayupo. Tutajifunza pamoja." Alijifunza kwa miezi miwili, kitabu cha kuazima kikiwa kando ya sufuria, na bado mtoto ndiye aliyetangulia kufika. Dada alitusimulia alivyosimama stoo akimtazama yule mdogo akithibitisha ubaoni, akasahau kwamba mwalimu ni yeye. Alilia, na alikuwa akilia kila akisimulia. Mafaili yaliyofuata yalikuwa sitini na mawili.

Tarehe 20 Desemba 1986 alikuwa amefunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, mtu mvumilivu aliyezoea kula mezani kukiwa na mafaili mengi kuliko sahani. Walijaliwa watoto wawili. Mdogo aliwahi kulalamika kwamba yeye hana mpango kama watoto wa mafaili, mama yake akamwambia, "Wako ni mmoja, uoshe vyombo."

Alistaafu mwaka 2021, lakini Jumatano hakuiacha. Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2023, na mwezi uliopita akalazwa. Faili moja lilikuwa bado wazi, la msichana wa miaka kumi, na hakuna mwalimu aliyekuwa amekubali kulichukua. Hakuuliza habari za dawa wala za daktari. Aliuliza, "Jumatano ataingia nani?" Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa tatu asubuhi, bila kujibiwa, na hilo lilituumiza kuliko yote.

Jana mwalimu mkuu wa sasa alikuja kutupa pole. Nikampa faili. Alilisoma sebuleni kwetu hadi chai yake ikapoa, kisha akasema ataingia yeye mwenyewe. Halafu akashusha sauti: "Ila mzee, mambo ya ukurasa huu wa mwisho mimi siyajui."

Nikamwambia, "Hata dada hakuyajua."

Akalifunga faili, akaondoka nalo kwapani.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na wanafunzi ambao sisi hatuwezi kuwahesabu. Mungu ampe pumziko jema.

Dada, Jumatano kuna mtu.